Waliovuka kwa Penseli

Chapwa, Tunduma
Jumapili, tarehe 7 Septemba

Kwako dada yangu Marita,

Kabla hujaenda mbali, geuza bahasha uitazame nyuma. Nimeibandika kwa gundi ya shule, kisha nikaandika jina langu juu ya mshono. Kama jina limekatika katikati, ujue Ambwene ameifungua njiani, na akija kupima mpunga wenu mwambie nimeulizia afya ya macho yake. Ni mtu mwema, hubeba mizigo ya watu bila kulalamika, ila anapenda mno kujua ya wenzake.

Sasa pokea salamu zangu. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Baridi imeanza kutuachia na vumbi la malori limeshika zamu. Habari ya mguu wako? Bado unavimba jioni, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Shemeji Fanueli hajambo? Mwambie nimesikia ng'ombe wake wameingia tena kwenye shamba la jirani, na kwamba habari za Kamsamba hufika Tunduma kabla ya mchele wake. Bibi naye umsalimie, na wote waliopo hapo nyumbani uwasalimie mmoja mmoja kwa jina, usiseme tu "mnasalimiwa" ukaendelea na kupika.

Tabita wako ni mzima. Nalisema mapema ili moyo wako utulie. Anakula vizuri, amerefuka, na sketi ya shule nimeishusha upindo mara mbili tangu Januari. Lakini habari ninayoandika inamhusu, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga. Simu yako, dada, unaiweka sauti kubwa, na kila apitaye uani anachangia mawazo. Haya si maneno ya kuchangiwa. Soma peke yako, ukae, na usinihukumu mpaka umefika chini.

Unakumbuka hali ya shule yetu mwaka jana. Katika upimaji wa kidato cha pili tulishika mkia katika mji mzima, na kwenye mkutano wa wazazi baba mmoja mwenye malori matatu alisimama akauliza kama sisi walimu tunafundisha au tunalinda viti. Watu walicheka sana. Mimi nami nilicheka ili nisionekane, kisha nikaenda chooni nikalia, kwa sababu mkondo wa B ulikuwa wangu na somo lililoongoza kwa ziro lilikuwa Hisabati, ninalofundisha mimi. Januari ilipofika, watoto waliopangiwa kuanza kidato cha kwanza kwetu walikuwa mia na themanini, walioripoti hawakufika hata mia. Wenye uwezo waliwapeleka wanao shule za kulipia, na wenye wajomba Nakonde waliwavusha mpaka wakasome Zambia. Tukabaki na madarasa yanayotoa mwangwi.

Ndipo tukaletewa mkuu mpya wa shule, Mwalimu Nsajigwa. Unanijua, mimi hushuku hata chumvi nikiiona imeganda, na huyu nilimshuku tangu siku ya kwanza. Alisalimia wapishi kabla ya walimu. Hakugombeza mtu. Alikuwa na chupa yake ya chai na vikombe viwili, kimoja chake na kimoja cha yeyote atakayeingia ofisini. Wiki ya pili akamwita fundi aandike ukutani kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za duka: MWAKA HUU HAKUNA ZIRO. Walimu walipiga makofi. Mimi nilijiuliza, kwa lipi? Walimu ni walewale, watoto ni walewale, vitabu vya Hisabati ni vilevile, vingi havina jalada. Hata uji haupiki wenyewe, lazima mtu akoroge.

Hapa lazima nikueleze jambo moja la kazi yetu, maana ndilo lililozaa yote. Kila asubuhi mwalimu wa darasa huita majina na kutia alama kwenye daftari la mahudhurio. Mtoto akikosa siku nyingi bila sababu anaandikwa mtoro, mahudhurio ya darasa yanashuka, na mwalimu anaulizwa. Sasa hapa kwetu mpakani, nusu ya watoto wana bibi au babu ng'ambo. Msiba ukitokea Nakonde, mtoto anavuka na mama yake siku tatu au wiki, na hakuna wa kumlaumu. Kwa hiyo walimu tuna desturi yetu ya miaka mingi, haijaandikwa popote: mtoto akivuka, tunamtilia herufi N ndogo kwa penseli, maana yake yuko Nakonde. Akirudi tunaifuta. Ilikuwa ni huruma tu. Tuliitumia hata kwa ambao hawakuvuka, aliyekwenda kuvuna karanga Hasamba au aliyebaki nyumbani kumuuguza mtu. N ya penseli haimuumizi mtoto, ndivyo tulivyoamini, na mara nyingi tulisahau kuifuta.

Mwezi wa saba viti vilianza kuhama. Naomba unisikilize, dada, maana hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Kila mwanafunzi kwetu ana kiti chake chenye namba. Jumatatu moja niliingia darasani nikakuta kiti cha kijana anayeitwa Clever hakipo, kimepelekwa stoo. Clever mwenyewe alikosa siku hiyo moja tu. Nikauliza, nikaambiwa amevuka, amehamia Zambia. Wiki hiyo hiyo kikaondoka kiti cha Bushra, binti wa yule mama wa Kiislamu anayeuza vitenge karibu na stendi, naye nikaambiwa amevuka. Nikashangaa kidogo, maana ukoo wote wa Bushra uko Singida, hawana hata kuku upande wa pili. Halafu viwili vingine, halafu vitatu. Viti vinatangulia stoo, wenye viti wanafuata. Na wote waliokuwa wanavuka, dada, walikuwa wale wa chini. Hakuna hata mmoja wa kumi bora aliyepata bibi ng'ambo mwaka huu.

Jina la Clever, nikwambie tu, limempa taabu maisha yake yote. Kwenye Hisabati hajawahi kuvuka alama kumi na mbili. Lakini ni mtoto mtiifu, anafuta ubao bila kutumwa, na anaandika taratibu akiwa ametoa ulimi. Nilikutana naye katikati ya mwezi wa nane kwenye foleni ya malori, anakaza maturubai kwa ujira mdogo, suruali ya shule imeingia grisi. Nikamuuliza kwa ukali mbona ameacha shule, na kama amehamia Zambia anafanya nini Tunduma. Akanitazama kwa adabu. Akaniambia hakuacha shule, alifika getini kama siku zote akaambiwa ameshavuka na jina lake halipo. Kisha akaniuliza, bila dharau yoyote, "Madam, eti mimi nimevukia wapi?" Nilimpa hela ya maandazi nikaondoka haraka.

Nikaanza kumtafuta mchawi. Na nikamwona upesi, kama kawaida yangu: Mwalimu Amri, mwalimu wa taaluma. Yeye ndiye anayeingiza majina kwenye mfumo, kompyuta ya shule iko mezani kwake, na kila nikipita anaiinamisha kioo. Ni mtu wa Ujiji, ana mwaka mmoja hapa, hana ndugu wala ukoo mjini. Nakiri mbele yako kwamba hiyo nayo ilinitosha kumshuku. Mgeni ni rahisi kumtwika. Nikaanza kumfuatilia. Nilihesabu mara anazoingia kwa mkuu. Nilichungulia pipa lake la karatasi. Nilimuuliza mpishi ni nini anachoongea Amri akinywa chai, mpishi akaniambia anaongelea bei ya dagaa.

Ijumaa moja, ni wiki mbili sasa, alitoka msikitini akaacha njia ya kwake akashika ya sokoni. Nikamfuata. Akaingia kwenye kibanda cha kuchapa karatasi, nami nikajibanza nyuma ya ndoo za plastiki za duka la jirani. Mwenye duka akaniuliza kama nanunua au naishi hapo, nikaona aibu, nikanunua ndoo ambayo sikuihitaji. Amri alipotoka alikuja moja kwa moja mpaka niliposimama na ndoo yangu. Akanisalimu. Akasema itakuwa vizuri tuache kufuatana, kwa sababu yeye naye amechoka kunifuata mimi tangu mwezi wa saba.

Nilikaribia kumpiga na ndoo. Kumbe kioo alikuwa ananificha mimi. Kumbe wakati nachungulia pipa lake, yeye alikuwa anakagua daftari langu la mahudhurio nikiwa darasani. Akafungua bahasha akanionyesha nakala aliyotoka kuchapa. Ilikuwa orodha yenye kichwa kinachosema wanafunzi wa mkondo wa B waliohamia nje ya nchi, namba za usajili kumi na mbili, na pembeni Amri alikuwa ameandika kwa mkono wake jina la kila namba. Akanieleza kwamba mtoto akihamia shule nyingine ya Tanzania, ile shule lazima impokee kwenye mfumo, lakini anayevuka mpaka hakuna wa kumpokea, anafutwa tu, na karatasi moja yenye saini ya mwalimu wa darasa inatosha kumwondoa kwenye orodha ya watahiniwa. Asiyefanya upimaji hawezi kupata ziro. Ndipo nikaelewa yale maandishi mekundu ya ukutani. Akageuza karatasi nyuma. Saini ilikuwa yangu.

Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Sasa nakuomba ushikilie kiti.

Sikughushiwa saini. Sikulazimishwa. Siku moja ya mwezi wa saba Mwalimu Nsajigwa aliniita, akanimiminia chai katika kile kikombe cha pili, akanisifu. Alisema darasa langu linaweza kuongoza mji. Alisema amemsikia yule baba wa malori akisema mwaka huu huenda akamrudisha kijana wake kwetu, na wazazi wengine watamfuata, na madarasa yatajaa tena. Kisha akasogeza ile karatasi. Alisema amekusanya tu zile N zangu mwenyewe kutoka daftarini, mimi ndiye niliyeandika kwamba wamevuka, ni utaratibu tu. Karatasi haikuwa na majina, ilikuwa na namba. Daftari langu la kulinganisha lilikuwa chumba cha walimu, hatua ishirini. Mimi, Atupele, ninayeshuku chumvi, ninayeandika jina langu kwenye mshono wa bahasha, siku ile niliamua kutoshuku. Nilijua nikienda kulitazama daftari nitakuta sura za watoto, na sikutaka kuzikuta. Nilitaka darasa langu lipande. Nilitaka yule mwenye malori anyamaze. Nikatia saini, nikamalizia chai.

Namba ya saba kwenye orodha, dada yangu, ni Tabita Fanueli.

Unakumbuka mwezi wa tano mguu wako ulipovimba ukashindwa kusimama, tukamtuma Tabita kuja kuamia ndege kwenye mpunga kwa wiki tatu? Sikutaka mtoto wa nyumbani kwangu aandikwe mtoro, mkuu akaniuliza. Nikamtilia N. Aliporudi nilikuwa na furaha ya kumwona, nikasahau kufuta. Na kwa kuwa kwenye majaribio ya mwezi wa sita alishuka kwa zile wiki tatu alizokosa, akahesabiwa pamoja na wale wa chini. Kiti chake hakikuwa kimeguswa, zamu yake ya stoo ilikuwa haijafika. Nilimfuta binti yako kwenye upimaji kwa mkono wangu, huku akiwa ananipikia chakula cha jioni.

Hayo ndiyo niliyokuwa naogopa kuyaandika, lakini hayajaisha. Laiti yangekuwa yameishia hapo.

Jumatatu iliyofuata niliingia kwa mkuu. Nilimwaga yote, kwa sauti iliyofika hadi jikoni. Hakukasirika. Aliniuliza kwa upole kama kuna mmoja ninayemlilia hasa. Nikamtaja Tabita. Akasema kumbe ni mtoto wa nyumbani, kwa nini sikusema mapema, haya ni makosa ya kawaida. Akasema Tabita atarudishwa siku hiyo hiyo, ila itakuwa vyema nisiwachanganye wengine, kwa sababu orodha ikifunguliwa tena wote kumi na wawili watachunguzwa upya, Tabita akiwemo, na aliyeandika N kwa mtoto ambaye hakuvuka atatakiwa ajieleze. Akanimiminia chai. Alasiri hiyo jina la Tabita lilikuwa limerudi.

Na mimi nikasema ahsante. Hiyo ndiyo aibu yangu, Marita, kubwa kuliko ile saini. Nilimjua Clever anakaza maturubai. Nilijua Bushra anamsaidia mama yake kukunja vitenge saa za masomo. Nikasema ahsante, nikapitia buchani nikanunua nyama kilo moja, nikamwambia Amri tusubiri kwanza, tusiwe na pupa. Amri akachukua bahasha yake akaenda zake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilipiga kelele ulipomgusa wa kwangu, ukatolewa kwake nikanyamaza.

Aliyenivua nguo ni binti yako. Alhamisi iliyopita majina ya watahiniwa yalibandikwa. Tabita alirudi nyumbani, hakuvua hata viatu, akaniuliza kwa nini mkondo wa B una watu thelathini na wawili wakati walianza mwaka wakiwa arobaini na watatu. Nikaanza kumweleza habari za kuhama. Akaniacha nimalize, ile tabia yako hasa, kumwacha mtu amalize kujichimbia. Kisha akawataja kwa vidole, wote kumi na mmoja, na kwa kila mmoja akasema anakoishi na anachofanya sasa hivi. Hakuna hata mmoja aliyeko Zambia. Akasema alimwona Mwalimu Amri akimtazama kwa huruma mwezi mzima na hakujua sababu. Sikuweza kumdanganya zaidi. Nilimwambia yote ninayokwambia wewe.

Hakulia, mimi ndiye niliyelia. Yeye aliingia chumbani akatoka na kaunta buku lake kubwa, lile lenye jalada jeusi. Akalifungua katikati, akaniwekea magotini. Kurasa zaidi ya sitini zilikuwa na mwandiko ambao si wake, mwandiko mkubwa, wa taratibu, unaopanda juu ya mistari na kushuka. Nikautambua mara moja, nimeusahihisha tangu Januari. Ulikuwa wa Clever. Tabita akaniambia kwamba zile wiki tatu alipokuwa kwenye mpunga, Clever alimnakilia masomo yote kwenye buku hilo alilolisahau darasani, somo kwa somo, kila siku na tarehe yake, bila kuombwa, kwa sababu alijua yeye mwenyewe hayaelewi ila alidhani Tabita atayaelewa. Kisha akanionyesha tarehe kwa kidole. Nilikwenda kuchukua daftari langu la mahudhurio tukalinganisha. Siku zilezile ambazo mimi nimemwandika Clever N, kwa sababu alivuka siku mbili kumzika babu yake na mimi nikaendelea kuburuza penseli mpaka mwisho wa mwezi, siku hizohizo Clever alikuwa amekaa darasani mwangu anaandika masomo ya watu wawili. Na chini ya baadhi ya kurasa, dada, kuna vema vyangu vya wino mwekundu. Nilimsahihishia, bila kutazama jina la jaladani, siku ambayo nimesaini kwamba hayupo nchini.

Tabita akasema, na hapa nayaandika maneno yake kama yalivyo: "Mama mdogo, mimi siwezi kufanya mtihani kwa masomo ya mtu ambaye hayupo."

Jana Jumamosi nilikwenda kwa Amri kumwomba radhi, nikampelekea na ile ndoo. Mke wake amefika kutoka Ujiji, aliipokea kwa furaha bila kujua historia yake. Tumekaa watu watatu, Amri, Tabita na mimi, tumeandika barua kwa Afisa Elimu. Ina majina kumi na mawili, Tabita akiwa wa saba vilevile. Nimeeleza N ni nini na nani aliyeanza kuiandika. Nimeeleza ile chai, na ile saini, na kwamba nilisaini nikiwa na akili zangu timamu. Amri ameweka nakala ya orodha. Tabita ameweka kaunta buku.

Marekebisho ya majina yanafungwa Ijumaa hii, tarehe kumi na mbili. Orodha ikifunguliwa, Tabita atahesabiwa amevuka kama wenzake mpaka ithibitike vingine. Kwa hiyo nakuomba, hata kama hutaki kuniona usoni, uende kwa mtendaji wa kijiji akuandikie kwa muhuri kwamba mwezi wa tano binti yako alikuwa Kamsamba anaamia ndege kwenye mpunga wa mama yake mgonjwa, na hakukanyaga Zambia. Uje nayo mwenyewe kabla ya Alhamisi jioni. Wazazi wa wale wengine nimeanza kuwapitia mmoja mmoja. Mama Bushra alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja kitenge alichokuwa ameshika, akasema atakuja, lakini hakunikaribisha kukaa. Sikumlaumu.

Siwezi kukuahidi kwamba tutafanikiwa. Mwalimu Nsajigwa ana watu, na ana maneno matamu, na sitashangaa akisema kila kitu kilitoka kwenye penseli yangu, kwa kuwa ni kweli kilitoka huko. Huenda nikasimamishwa kazi. Huenda Tabita akapoteza nafasi aliyokwisha kurudishiwa, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Nilimwambia hivyo, akasema anajua.

Kesho Jumatatu saa moja na nusu nitakuwa mlangoni kwa Afisa Elimu, na nikishatoka hapo ndipo nitampa Ambwene bahasha hii. Kwa hiyo unaposoma mstari huu, ile barua nyingine imeshapokelewa na kugongwa muhuri. Nimepanga hivyo makusudi. Ningekueleza kabla, ungenipigia ukaniambia ninyamaze, mtoto wetu ameshapona, na mimi ningekusikiliza, dada. Najua ningekusikiliza, na ningekushukuru.

Nisamehe kwa lile nililomfanyia mwanao, na kwa hili ninalomfanyia sasa kwa ridhaa yake. Ukija kunigombeza, nigombeze nyumbani, si getini kwa shule. Nikifukuzwa kazi, mniwekee nafasi kwenye mpunga wenu, nitakuja kupigia ndege kelele.

Mungu akulindie mguu huo safarini. Usipande gari la Ambwene kama limejaa magunia, na usimweleze unachokuja kufanya. Salamu kwa shemeji, salamu kwa bibi, na kwa wote wanaoniombea bila kujua nimefanya nini.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na kukuonea aibu,

Atupele

Nimesahau. Nilimuuliza Tabita akuagize nini, nikidhani atasema mchele mpya. Amesema mchele uache. Lile kaunta buku tumelifunga kwenye bahasha ya serikali na huenda lisirudi kabla ya mtihani, kwa hiyo anaomba umletee jipya, la kurasa nyingi. Halafu alifika mlangoni akarudi, akasema uongeze na la pili, la Clever.